Nimenyimwa cheo cha Mhadhiri Mwandamizi, na siku za rufaa zinaisha

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo, Mzee wetu.

Ninakuandikia kutoka nyumbani kwangu Buswelu, Mwanza. Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu kimoja cha Kanda ya Ziwa. Jina la chuo nitalihifadhi, na pia sitasema kama ni cha umma au cha binafsi, kwa sababu idara yetu ni ndogo na mwenye kujua hilo tu atakuwa amekwisha kunijua.

Nilipata shahada ya uzamivu mwaka 2018 na mwaka uliofuata nikawa Mhadhiri. Tangu wakati huo utafiti wangu umekuwa juu ya dagaa wa Ziwa Victoria wanavyoharibika kati ya mtumbwi na soko, hasa nyakati za masika wanapoanikwa mchangani badala ya kwenye vichanja. Nimepanda meli ya Nansio mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na akina mama wanaoanika dagaa katika visiwa vya Ukerewe wananiita mwanao. Nilipoomba kupandishwa kuwa Mhadhiri Mwandamizi niliwasilisha makala saba pamoja na tathmini za ufundishaji na barua za mapendekezo za idara. Nilisubiri miezi 16. Kisha ikaja barua ya aya moja inayosema kwamba kamati ya ajira na upandishaji vyeo imejiridhisha kuwa machapisho yangu na tathmini yangu ya ufundishaji havijafikia kiwango kinachotakiwa. Hakuna neno jingine, isipokuwa kwamba nina siku 30 za kukata rufaa kwa mujibu wa kanuni za chuo. Leo ninapokuandikia, siku 19 zimekwisha kupita.

Mjumbe mmoja wa kamati, mtu mwenye huruma, alinisimulia mambo manne bila kuandika chochote. La kwanza, makala yangu moja niliyoiandika kwa Kiswahili, na kuichapisha katika jarida linalohakikiwa na wanataaluma, haikupewa alama yoyote kwa sababu mhakiki wa nje hakusoma Kiswahili. La pili, makala niliyoandika na wenzangu sita wa Kenya na Uganda ilipewa sehemu ndogo sana ya alama. La tatu, makala nyingine ilikataliwa kwa sababu jarida lake halitambuliki. Nakiri kwamba jarida hilo nililipia na likachapisha ndani ya siku tisa. La nne, muhula mmoja wa tathmini yangu ulihesabiwa kuwa sifuri, na huo ndio muhula niliokuwa likizo ya uzazi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwenzangu aliyeomba pamoja nami, na ambaye najua ana makala tano tu, amepandishwa. Mume wangu ananishauri niache, nisije nikajitafutia maadui kwa Mkuu wa Idara ambaye bado nitafanya naye kazi miaka mingi. Rafiki yangu mmoja ananiambia nimwandikie Waziri moja kwa moja, na mwingine anataka twende mahakamani. Nifanye nini, Mzee wangu?

Mhadhiri wa dagaa, Mwanza

JIBU

Marahaba, Mwalimu.

Kwa kuwa siku zako zinahesabika, sehemu ya kwanza ya jibu hili nilikutumia moja kwa moja siku ile ile nilipopokea barua yako, na hapa nairudia kwa faida ya wengine walio katika hali kama yako. Nilikuambia uandike barua mbili na uzipeleke siku moja. Ya kwanza inaomba sababu za uamuzi kwa maandishi, mchanganuo wa alama ulizopewa kwa kila chapisho na kwa kila muhula wa ufundishaji, pamoja na nakala ya mwongozo wa kupandisha vyeo uliotumika. Ya pili inatoa taarifa ya rufaa, inataja hoja zako kwa ufupi, na inasema wazi kwamba utaleta maelezo kamili utakapopewa sababu ulizoomba. Usisubiri jibu la barua ya kwanza ndipo uandike ya pili. Nimeona walimu wazuri wakipoteza rufaa yenye haki kwa sababu walikaa wakisubiri ofisi iwajibu, na ofisi ikawajibu siku ya 31.

Sasa tuingie ndani ya jambo lenyewe. Nilikaa katika kamati za namna hiyo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na rufaa nyingi zilizopita mbele yetu zilishindwa kwa sababu moja, nayo ni kwamba mwombaji aliandika kurasa nyingi kuthibitisha kuwa kazi zake ni nzuri. Chombo cha rufaa hakiketi kusoma makala zako upya, wala wajumbe wake wengi hawana utaalamu wa dagaa. Wanachoweza kukipima, na ambacho hawana budi kukipima, ni kama mwongozo ulifuatwa, kama kamati iliona kila kilichopaswa kuonwa, kama mjumbe mwenye maslahi binafsi alikaa kwenye kikao, na kama kanuni iliyotumika kwako ndiyo iliyotumika kwa wengine. Kwa hiyo kila hoja yako ionyeshe kifungu cha mwongozo, kisha ionyeshe kilichotendeka, kisha iombe kitu kinachoweza kufanyika.

Kuhusu yale uliyosimuliwa na mjumbe mwenye huruma, nakuomba sana usiyataje kama ulivyoyapata. Majadiliano ya kamati ni siri, na ukiandika kwamba umeambiwa na mjumbe fulani, rufaa yako itageuka kuwa uchunguzi wa nani aliyevujisha, na mtu aliyekutendea wema ataumia. Yatumie kujua mahali pa kuelekeza macho. Kama unajua kwamba makala ya Kiswahili haikupewa alama, omba mchanganuo wa alama kwa kila chapisho. Mchanganuo huo ukiletwa, sifuri itaonekana yenyewe, nawe utakuwa umeipata kwa njia halali.

Hoja yako ya makala ya Kiswahili ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu inanigusa. Mhakiki wa nje huteuliwa ili atoe hukumu ya kitaalamu juu ya kazi aliyoisoma. Asiyeweza kuisoma hana hukumu ya kutoa, na sifuri aliyoandika hapo inaeleza upungufu wa lugha yake tu. Alipaswa kurudisha makala hiyo na kusema hawezi kuihakiki, na ofisi ilipaswa kumtafuta mwingine. Nchi hii imejaa wanataaluma wanaosoma Kiswahili na wanaoijua sayansi ya samaki, na wengine wanaishi umbali wa safari ya daladala kutoka kwako. Kila mwaka ifikapo Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na vyuo vyetu huandaa makongamano na hotuba. Haiwezekani chuo hicho hicho, kinaporudi kwenye kamati zake, kiihesabu makala ya Kiswahili iliyohakikiwa kuwa si kitu, huku wanaoihitaji makala hiyo ni maofisa uvuvi na waanikaji wa Ukerewe ambao wangeisoma na kujenga vichanja. Hata hivyo usiyaandike haya yote kwenye rufaa. Huko andika hivi, au kwa namna inayokaribia hivi:

«Mwongozo wa chuo hauweki sharti la lugha kwa makala iliyochapishwa katika jarida linalohakikiwa. Naomba kujulishwa kama chapisho namba 4 lilihakikiwa na mtaalamu anayesoma Kiswahili. Kama halikuhakikiwa, naomba lipelekwe kwa mhakiki mwenye sifa hiyo, na matokeo yake yajumuishwe kabla ya uamuzi wa rufaa hii.»

Kabla ya kuandika sentensi ile ya kwanza, fungua mwongozo uusome kwa jicho lako mwenyewe. Kama kuna kifungu kinachodai muhtasari wa Kiingereza au tafsiri na hukuiweka, kiri upungufu huo na uambatishe tafsiri sasa, kisha uendelee kuomba uhakiki.

Hoja ya muhula wa likizo ya uzazi nayo ni nzito, na haihitaji maneno mengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwajiri aliyekuruhusu usiwe darasani hawezi tena kukupima kwa kutokuwa darasani. Ambatisha barua ya likizo, ratiba ya muhula huo inayoonyesha kwamba masomo yako alipewa mwalimu mwingine, na tathmini za mihula iliyotangulia na iliyofuata. Omba muhula huo uondolewe kwenye hesabu na wastani utafutwe kwa mihula uliyofundisha. Ninavyoona mimi, jambo hili linaweza kumalizwa na ofisa mwenye kikokotoo kwa dakika tano, na ndiyo maana nataka liwe hoja ya kwanza katika barua yako, hata kama si lenye nguvu kuliko yote. Chombo kikishaona kosa moja lisilobishaniwa, kinazisoma hoja nyingine kwa masikio yaliyo wazi.

Makala ya waandishi saba iko katikati. Miongozo mingi hugawa alama kwa idadi ya waandishi au kwa nafasi ya jina, na kama wa chuo chenu unafanya hivyo, kamati haikukosea hata kama matokeo yanauma, kwa sababu utafiti wa ziwa linalomilikiwa na nchi tatu haufanywi na mtu mmoja. Angalia kama mwongozo unaruhusu maelezo ya mchango wa kila mwandishi. Kama unaruhusu, waombe wenzako wa Kenya na Uganda barua fupi zinazosema nani alibuni sampuli, nani alikusanya takwimu visiwani na nani aliandika sehemu zipi. Kama hauruhusu, iache hoja hiyo nje ya rufaa na uipeleke baadaye kwenye bodi ya kitivo kama pendekezo la kurekebisha mwongozo.

Makala ya siku tisa, Mwalimu, iondoe. Najua maneno haya hayapendezi, lakini sitakudanganya. Kulipia kuchapishwa peke yake si kosa, kwa kuwa majarida mengi ya heshima hutoza ada. Kosa ni kwamba hakuna uhakiki wa kweli unaoanza na kumalizika, marekebisho yakafanywa, na makala ikachapishwa, vyote ndani ya siku tisa. Mkutubi wa Marekani, Jeffrey Beall, alitunza orodha ya majarida yaliyotiliwa shaka hadi alipoifunga Januari 2017, na tangu hapo kila mwandishi analazimika kuchunguza mwenyewe kabla ya kutuma kazi yake. Ukiitetea makala hiyo, utakuwa unawapa wapinzani wako kitu cha kuzungumzia kwa nusu saa nzima badala ya kuzungumzia Kiswahili na likizo. Andika sentensi moja tu kwamba kwa hiari yako unaiondoa makala hiyo kwenye orodha unayoomba ihesabiwe. Fanya hesabu kwanza uone kama alama zinatosha bila hiyo. Kwa maelezo uliyonipa, makala ya Kiswahili ikipewa alama inayostahili, naamini utakuwa karibu sana na kiwango, na kama utapungukiwa kidogo, ni bora ulijue sasa.

Kuhusu mwenzako mwenye makala tano, naelewa uchungu wako, lakini hujui alama za makala zake, hujui kama anaandika peke yake, na faili lake si lako. Hoja ya kutotendewa sawa husimama pale tu unapoweza kuonyesha kwamba kanuni ile ile ilisomwa kwa namna mbili. Kama huna ushahidi huo wa maandishi, jina lake lisionekane katika barua yako, hata kwa kudokeza. Utamhitaji siku moja kama mwandishi mwenza au shahidi.

Wengi huniuliza kama mwombaji ana haki ya kuona ripoti za wahakiki. Duniani kote jambo hili lina mvutano. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilichotaka kuficha mafaili ya uhakiki wa wanataaluma, ilikataa kuwapa vyuo kinga hiyo mbele ya tume inayochunguza ubaguzi kazini. Kwetu hapa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuomba kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi. Usidai majina ya wahakiki, kwa sababu usiri wao una sababu nzuri na hata wewe utauhitaji siku utakapohakiki wengine. Omba maudhui ya ripoti, majina yakiwa yamefutwa.

Mume wako anahofia maadui, na hofu yake ni ya upendo. Mwambie kwamba rufaa ni hatua iliyoandikwa ndani ya kanuni za chuo chenyewe, na barua yake wewe mwenyewe ndiye utakayeamua iwe ya adabu kiasi gani. Kabla ya kuipeleka, nenda ofisini kwa Mkuu wa Idara, msalimie, mweleze kwamba barua itapita kwake kama utaratibu unavyotaka, na kwamba hulalamikii idara, kwa kuwa idara ndiyo iliyokupendekeza. Mkuu wa Idara anayeshtukizwa na barua mezani huwa mtu mwingine kabisa. Ongea pia na tawi la chama chenu cha wafanyakazi, iwe ni THTU au RAAWU, kwa sababu mara nyingi wao ndio wenye nakala ya mwongozo ambayo ofisi haijaipata.

Waziri mwache kwanza. Barua iliyoruka ngazi hurudishwa chini kwa watu wale wale, ikiwa imechelewa na ikiwa imewaudhi. Mahakama nayo ina mahali pake, ingawa si hapa mwanzoni. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inataja haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani dhidi ya uamuzi wa mahakama au wa chombo kingine kinachohusika, na haki hiyo ndiyo unayoanza kuitumia ndani ya chuo. Rufaa ikishindikana, njia zinagawanyika. Kama chuo chenu ni cha umma, Sheria ya Utumishi wa Umma, kwa kifungu cha 32A, inakutaka umalize kwanza njia zilizo ndani ya sheria hiyo kabla ya kukimbilia sheria za kazi. Kama ni cha binafsi, mgogoro wa namna yako, usiohusu kuachishwa kazi, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Kuna pia njia ya kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa chombo cha umma, ambako kibali huombwa ndani ya miezi sita, lakini hata huko jaji hatakupa cheo. Akiona utaratibu ulivunjwa atautengua uamuzi, na shauri litarudi kwenye kamati. Ndiyo sababu nasisitiza faili lako la ndani liwe safi tangu leo. Ukifika kwenye njia hizo, mwone wakili, na uende naye mapema.

Wakati rufaa inaendelea, andika makala ya nane. Takwimu za masika unazo tayari, na rufaa haikuzuii kuwasilisha ombi jipya katika mzunguko ujao, mradi usiyachanganye mambo hayo mawili katika barua moja.

Mwisho wa barua yako usiandike tu kwamba unaomba upandishwe cheo. Omba makala namba 4 ihakikiwe na anayesoma Kiswahili, omba tathmini ya ufundishaji ikokotolewe upya bila muhula wa uzazi, omba matokeo yote mawili yarudishwe kwenye kamati kwa tarehe inayojulikana, na omba kwamba uamuzi ukibadilika, cheo kihesabiwe tangu siku ya kikao cha kwanza. Kipengele hiki cha mwisho watu wengi hukisahau, na wanakikumbuka wanapoona mshahara na miaka ya kungojea uprofesa mshiriki. Barua isizidi kurasa mbili, viambatisho viwe na namba, na uipeleke masijala mwenyewe ukiwa na nakala mbili, moja ibaki huko na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha urudi nayo Buswelu uiweke pamoja na vyeti vyako.